Thamani ya Jina la Intaneti: Mnunuzi Hulipia Kitu Gani?

Wanachama wameona jinsi mambo yalivyogeuka. Zamani mfuko wa viungo uliandikwa jina la mwenye duka na nambari ya sanduku lake la posta, na hayo yalitosha. Siku hizi mfuko huo huo, na ubao wa nyumba ya wageni, na gari la kuchukulia watalii kwenda mashamba, una neno moja zaidi lenye nukta ndani yake, likaishia kwa .com au .co.tz. Neno hilo ndilo anuani ya mwenye biashara katika intaneti. Na watu huuziana anuani hizo, mara nyengine kwa fedha ambazo mwenye shamba kubwa la mikarafuu hazioni maisha yake yote.

Makala haya yameandikwa ili kueleza kwa nini jina moja hukosa mnunuzi hata kwa dola 20, na jina jingine, ambalo kwa macho halina ajabu yo yote, huuzwa kwa mamilioni. Hatukusudii kumtia mwanachama tamaa ya kufanya biashara ya majina. Makusudio yetu ni mawili tu: mwanachama asilitoe kwa bei ya kutupa jina ambalo mtu mwengine analihitaji mno, wala asitoe fedha zake za msimu kununua jina ambalo halitamfaa kitu.

KIKOA NI NINI

Anuani hii huitwa "jina la kikoa". Wazee wetu wanalijua neno kikoa kwa maana ya watu wanaokula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Wataalamu wa kompyuta wamelichukua neno hilo wakalipa maana ya eneo moja la majina lenye msimamizi wake. Basi .tz ni kikoa cha Tanzania, na ndani yake mna .co.tz ya wafanya biashara, .or.tz ya vyama na jumuiya, na .go.tz ya Serikali.

Kompyuta zenyewe hazijuani kwa majina. Hujuana kwa nambari. Binadamu hawezi kuzihifadhi nambari hizo kichwani, kwa hiyo mwaka 1983 mtaalamu wa Kimarekani, Paul Mockapetris, alibuni utaratibu wa kuligeuza jina likawa nambari bila ya mtu mwenyewe kuona. Jina la kwanza la .com lilisajiliwa tarehe 15 Machi 1985, nalo ni symbolics.com. Wakati ule majina yalitolewa bure, na wachache tu ndio walioyataka. Mwaka 1994 mwandishi mmoja wa magazeti huko Marekani alisajili mcdonalds.com kabla ya kampuni yenyewe ya vyakula kuzinduka. Kampuni ilipolitaka jina lake, aliliachia kwa sharti kuwa isaidie skuli moja ya mji wa New York kupata vyombo vya kompyuta. Mwaka uliofuata, 1995, ndipo ilipoanza kutozwa ada, dola 100 kwa miaka miwili. Leo majina yanayoishia kwa .com peke yake yamepita milioni 150.

Jambo moja lazima lifahamike mapema, kwani ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Jina la kikoa halinunuliwi likawa milki ya mtu daima. Hukodiwa kwa mwaka au kwa miaka, na kwa .com mtu hawezi kulipia mbele zaidi ya miaka 10. Katika visiwa vyetu tumezoea kuona ardhi ikiwa na mwenyewe na mikarafuu iliyo juu yake ikiwa na mwenyewe mwengine. Jina la kikoa linafanana na hayo: mwenye jina anao mti wake na matunda yake, lakini ardhi si yake, na siku atakapoacha kulipa, mti nao humtoka.

Ada hiyo ya mwaka si kubwa; kwa .com ni kama dola 10 mpaka 20. Sasa mamilioni hulipwa nani, na kwa ajili gani? Hulipwa yule aliyelitangulia jina, ili atoke na kumpisha mwengine. Mfano wake ni kilemba anachopewa mpangaji wa duka la mjini. Kodi ya duka inabaki ile ile, lakini anayetaka kuingia humlipa aliyemo kilemba, na kilemba hicho hupanda au kushuka kwa kadiri ya pahala duka lilipo na kwa kadiri ya haja ya anayeingia.

WAKULIMA WA MAREKANI NA HERUFI MBILI

Kisa kitakachotufunza zaidi kinahusu wakulima wenzetu. Huko Marekani kuna shirikisho kubwa la wakulima liitwalo American Farm Bureau Federation, lililoundwa mwaka 1919. Kwa kuwa watu hulitaja kwa kifupi Farm Bureau, shirikisho hilo lilijisajilia jina fb.com, likawa nalo miaka mingi kwa kazi zake za kawaida.

Baadaye ikatokea kampuni ya Facebook. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2004 kwa jina thefacebook.com, na mwaka 2005 ikanunua facebook.com kwa dola 200,000 ili iondokane na lile neno la mbele. Ilipokuwa kubwa, ikataka jina fupi ambalo wafanya kazi wake wangelitumia katika barua pepe zao. Herufi za kwanza za sehemu mbili za jina lake ni F na B, na herufi hizo zilikuwa mikononi mwa wakulima. Mwaka 2010 Facebook ikalinunua fb.com. Katika mkutano mkuu wa wakulima hao wa Januari 2011 wanachama walielezwa kwamba mauzo ya majina ya intaneti yameliingizia shirikisho dola milioni 8.5. Wakulima wakabaki na fb.org, na kazi zao zikaendelea kama kawaida.

Tulitazame jambo hili kwa makini. Kwa wakulima, herufi zile zilikuwa na faida ya kadiri tu. Jina jingine lingeweza kufanya kazi ile ile, na ndivyo ilivyokuwa. Kwa mnunuzi wa rejareja zisingekuwa na maana yo yote. Lakini kwa kampuni moja tu duniani, herufi mbili zile zilikuwa hazina badala. Hapo ndipo inapoonekana tafauti kubwa baina ya jina na zao la shamba. Frasila ya karafuu kavu ina bei inayojulikana, kwa kuwa frasila hii na ile ya jirani, zikiwa za daraja moja, ni sawasawa. Jina halina jirani aliye sawa nalo. Bei yake haitoki sokoni; hutoka katika haja ya mtu mmoja na uwezo wake wa kulipa.

Kampuni ya magari ya Tesla nayo ilijionea hayo. Kwa miaka mingi ilitumia teslamotors.com, kwa sababu tesla.com lilikuwa la mtu mwengine aliyelisajili mwaka 1992. Jina hilo liliingia mikononi mwa kampuni mwaka 2016, na mwaka 2018 mkuu wake, Elon Musk, alieleza hadharani kwamba kulipata kulichukua zaidi ya miaka 10 na dola milioni 11.

MAMBO ANAYOYATAZAMA MNUNUZI

Maadamu bei hutoka katika haja ya mnunuzi, yatupasa tujue mnunuzi mwenye akili hutazama nini kabla ya kufungua mkoba wake. Aghalabu ni mambo saba.

La kwanza ni ufupi. Herufi za Kizungu ni 26, basi majina ya .com yenye herufi mbili tu hayawezi kuzidi 676, na yenye herufi tatu hayazidi 17,576. Yote hayo yamekwisha chukuliwa zamani, na anayelitaka moja hana budi kumwendea mwenyewe. Ya herufi nne ni 456,976. Kila jina linaporefuka, wingi wake huzidi na thamani yake hupungua.

La pili ni kutamkika na kuandikika. Mnunuzi hujiuliza: nikilitaja jina hili katika redio mara moja, msikilizaji ataweza kuliandika bila ya kukosea? Jina lenye kistari katikati, au lenye nambari ambayo mtu hajui kama iandikwe kwa tarakimu au kwa herufi, hupunguza wateja. Hapa wenye kutumia maneno ya Kiswahili waangalie. Neno "karafuu" kwetu sisi ni jepesi, lakini mgeni aliyelisikia atalimaliza kwa u moja, akapotea njia. Anayelichukua jina kama hilo huona ni bora achukue na lile la u moja pia, ili mgeni akikosea afike pale pale.

La tatu ni maana. Neno linalotaja bidhaa au kazi ambayo watu huitafuta kila siku lina nguvu. Insurance.com, yaani bima, liliuzwa mwaka 2010 kwa dola milioni 35.6 pamoja na tovuti yake. Sababu ni kuwa mteja mmoja wa bima huiletea kampuni fedha nyingi kwa miaka mingi. Basi neno linalotaja biashara ya faida kubwa lina bei kubwa, na neno linalotaja biashara ya faida ndogo, hata likiwa zuri namna gani, halipandi sana. Lakini wako watu wanaodhani kwamba jina lenye neno linalotafutwa hupandishwa juu katika matokeo ya Google kwa sababu hiyo tu. Mwaka 2012 Google ilitangaza kuwa imepunguza upendeleo huo kwa tovuti duni. Neno zuri haliiponyi tovuti mbovu.

La nne ni mkia wa jina, yaani kile kinachofuata nukta ya mwisho. Duniani kote .com ndio unaotangulia, kwa sababu mtu asiyekumbuka vizuri ndio anaoujaribu kwanza. Lakini anayefanya biashara yake hapa kwetu, na wateja wake ni wa hapa, .co.tz humtambulisha ni wa wapi, na si haba. Mnunuzi wa ng'ambo aghalabu atataka .com, mnunuzi wa Dar es Salaam huenda akaridhika na.co.tz. Kabla ya kulipima jina, mpime kwanza mnunuzi wake.

La tano ni umaarufu wa pahala panapotajwa. Neno "Zanzibar" linajulikana duniani, na kwa wengi limeshikamana na viungo na bahari. "Unguja" ni jina letu la asili, lakini mgeni wa mbali hatalitafuta. "Pemba" nalo lina mwenzake, kwani uko mji wa Pemba huko Msumbiji, na anayelitafuta huenda akafikishwa kwengine. Kwa hiyo mwenye kuuza nje hufanya vizuri kuambatanisha pahala na bidhaa, ili lisibaki shaka lo lote.

La sita ni tabia ya jina katika siku zilizopita. Jina lililotumiwa na matapeli, au lililopeleka barua pepe za uchafu kwa maelfu ya watu, huwekwa katika orodha za kuzuiwa. Barua za mwenye kulinunua, ingawa yeye ni mtu safi, zitakuwa zikitupwa kabla ya kusomwa. Hiyo ni sawa na gunia lililowahi kutiwa mafuta ya taa: karafuu utakazozitia ndani yake, hata ziwe nzuri namna gani, zitanuka. Kinyume chake, jina ambalo watu wengi wanalijia wenyewe kila siku lina thamani hata kama neno lenyewe si zuri, kwa kuwa mnunuzi hununua na hao wapitao njia. Lakini asikubali maneno matupu. Aombe aonyeshwe hesabu za miezi mingi.

La saba ni haki. Jina linalofanana na alama ya biashara ya mtu mwengine ni mzigo kwa mwenye kulichukua. Jambo hili tutalirudia.

Liko na jambo la nane ambalo halimo katika jina lenyewe: hofu ya mnunuzi kwamba mshindani wake atalipata. Mwaka 2007 kampuni ya HomeAway ya Marekani ililipa dola milioni 35 kwa VacationRentals.com, na mkuu wake alikuja kueleza kuwa sababu kubwa ilikuwa kuizuia kampuni ya Expedia isilichukue. Dalali ye yote wa mnadani anaijua nguvu hiyo.

KISIWA KILICHOBAHATIKA KWA HERUFI MBILI

Katika bahari ya Karibi kiko kisiwa kidogo kiitwacho Anguilla, chenye watu kama 16,000 tu. Katika mgawanyo wa herufi za nchi na visiwa, Anguilla ilipata .ai, nayo ikakabidhiwa mwaka 1995. Kwa muda mrefu herufi hizo hazikuwa na maana kwa mtu wa nje. Lakini kwa Kiingereza ndizo herufi za kwanza za maneno ya akili bandia, na tangu mwezi wa Novemba 2022, ilipotoka programu ya ChatGPT, kampuni nyingi duniani zimekuwa zikiyagombania majina yenye mkia huo. Mwaka 2023 Anguilla ilipata kiasi cha dola za Marekani milioni 32 kutokana na ada hizo, nazo zilikuwa zaidi ya sehemu moja katika tano za mapato yote ya serikali yake.

Visiwa vya Tuvalu, katika bahari ya Pasifiki, vilibahatika mapema zaidi kwa herufi .tv, zinazofanana na kifupi cha televisheni. Fedha zake ziliisaidia Tuvalu kujiunga na Umoja wa Mataifa mwaka 2000.

Mwanachama atazame namna Anguilla inavyopata fedha hizo. Haikuuza herufi zake kwa mtu mmoja ikakaa kando. Inakodisha jina moja moja, na kila baada ya muda mwenye jina hurejea kulipa. Hiyo ni njia ya mwenye kuvuna, si ya mwenye kukata mti akauza ubao. Lakini pia msimu wa bahati una mwisho wake. Wakongwe wetu wanakumbuka miaka ambayo Indonesia ilinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kretek, kisha ikapanda mikarafuu yake hata ikajitosheleza, na bei yetu ikaanguka. Thamani inayotegemea mapenzi ya watu wa mbali yafaa itumiwe kwa busara wakati ingalipo.

BEI KUBWA SI FAIDA KUBWA

Magazeti hupenda kutangaza bei za ajabu, na msomaji hudhani kila bei ya ajabu ni ushahidi wa biashara njema. Si hivyo. Business.com liliuzwa mwaka 1997 kwa dola 150,000, na mwaka 1999 likauzwa tena kwa dola milioni 7.5. Mwaka 2007 kampuni iliyojengwa juu ya jina hilo ikanunuliwa kwa kiasi cha dola milioni 345 na R.H. Donnelley, wachapishaji wa vitabu vya nambari za simu. Miaka miwili baadaye, mwaka 2009, mnunuzi huyo mwenyewe alifilisika. Mwaka 2019 jina voice.com liliuzwa kwa dola milioni 30 taslimu, bei iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa mpaka siku ile kwa jina peke yake. Lakini mtandao uliokusudiwa kujengwa juu yake haukupata kushika.

Wako pia waliofanikiwa. Dharmesh Shah, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya HubSpot, alinunua chat.com mwaka 2023 kwa dola milioni 15.5, na baadaye likaenda kwa kampuni ya OpenAI. Yeye alikuwa na fedha za kungojea, na alikuwa anaijua biashara hiyo na watu wake. Mtu anayesajili majina 100 kwa kubahatisha, akangoja Facebook yake imjie, atalipa ada ya majina 100 kila mwaka, na wengi wa namna hiyo huishia kuyaachilia. Hiyo haina tafauti na kununua karafuu zingali maua kwa mkopo bila ya kulitembelea shamba.

HAKI YA JINA

Wako waliodhani kwamba wakilisajili jina la kampuni maarufu watalipwa kilemba kikubwa. Mlango huo umezibwa. Shirika la ICANN, linalosimamia utaratibu wa majina duniani na lililoundwa mwaka 1998, liliweka mwaka 1999 kanuni za kuamua magomvi bila ya kwenda mahakamani. Mlalamikaji katika majina ya .com lazima athibitishe mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala sababu ya halali ya kuwa nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akithibitisha yote matatu hukabidhiwa jina, na aliyelishika hapati hata senti. Tena, kuandika kwa kampuni kudai fedha nyingi huweza kuwa ndio ushahidi wa nia mbaya yenyewe.

Lakini kanuni hizo hizo humlinda mwenye haki. Bwana Uzi Nissan wa North Carolina, ambaye Nissan lilikuwa jina la ukoo wake, alisajili nissan.com mwaka 1994 kwa biashara yake ya kompyuta. Mwaka 1999 kampuni ya magari ilimshitaki ikidai dola milioni 10. Kesi ilichukua miaka mingi na ilimgharimu sana, lakini jina halikumtoka, na alipofariki mwaka 2020 lilikuwa lingali lake. Basi anayelitumia jina lake la halali kwa kazi yake ya halali asitishike kwa barua moja ya wakili, ingawa ajue kuwa kusimama imara nako kuna gharama.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yanalingana na jina la kikoa kuliko yanavyolingana na mali nyingine. Desemba 1999 kampuni kubwa ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumika kuwafungulia watu barua pepe zao za Hotmail. Watu wengi wakashindwa kuzifungua. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, asiyekuwa mfanya kazi wa kampuni hiyo, aligundua sababu, akailipa ada yeye mwenyewe kwa kadi yake: dola 35 tu. Ikiwa Microsoft imesahau, sisi tuko hatarini zaidi.

Kwa majina ya .com, baada ya muda wa kulipa kupita na jina kufutwa, huwako siku 30 za kulikomboa kwa ada iliyo kubwa zaidi. Siku hizo zikipita, jina huachwa wazi, na wako watu wenye programu za kuyanyakua majina hayo saa ile ile. Mwenye duka lililokuwa likijulikana huamka asubuhi akakuta anuani yake inauza vitu vya aibu, ilhali mifuko yake yote imekwisha chapwa.

Jambo la pili ni nani aliyeandikwa katika daftari la msajili. Aghalabu kijana anayejua kompyuta hupewa kazi ya kutengeneza tovuti, naye hulisajili jina kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Hafanyi hivyo kwa hila. Ni kwa wepesi tu. Lakini akihama, au wakigombana, au akifa, ushirika hugundua kuwa hauna haki yo yote kwa anuani iliyochapwa katika stakabadhi zake. Kila tawi na kila mwanachama mwenye biashara aulize leo: jina letu limeandikwa kwa nani, ada yake inakwisha lini, na neno la siri liko kwa nani? Majibu yaandikwe katika daftari la chama, pamoja na hati za mashamba.

UKIJIWA NA MNUNUZI

Ikiwa siku moja mtu atakuandikia akitaka kulinunua jina lako, usijibu kwa haraka. Mnunuzi mkubwa mara nyingi hujificha nyuma ya dalali, kwa kuwa akijulikana bei itapanda. Jiulize: ni nani anayeweza kulihitaji jina hili, na kwa nini sasa? Tazama kama pametokea kampuni, bidhaa au hoteli mpya yenye jina linalofanana na lako. Kisha jipime mwenyewe: itakugharimu kiasi gani kubadilisha mifuko, mabao na barua, na kuwaarifu wateja? Kiasi hicho ndicho chini ya bei yako, wala usishuke chini yake.

Jihadhari na matapeli. Iko hila iliyoenea sana: mtu hujifanya mnunuzi, hutaja bei ya kupendeza, kisha husema anahitaji kwanza cheti cha tathmini kutoka pahala fulani, ulipie wewe. Ukilipa, mnunuzi hatoweki peke yake, na fedha zako hutoweka naye. Mnunuzi wa kweli hamwombi muuzaji ada. Iko na hila nyingine, ya barua ionyayo kwamba kampuni ya ng'ambo inataka kulisajili jina lako kwa mikia mingine, nawe ulipe upesi ili uwatangulie. Barua za namna hiyo zitupwe.

Mkikubaliana bei, msiaminiane kwa maneno. Fedha ziwekwe amana kwa mtu wa kati anayejulikana kwa kazi hiyo. Jina likihamishwa na kuthibitishwa, ndipo fedha zitolewe. Kulihamisha jina kabla ya fedha kuwekwa ni sawa na kuzipakia karafuu jahazini kabla ya mizani.

Na kwa yule anayetaka kununua, shauri letu ni fupi. Asajili kwanza jina la biashara yake kama lilivyo, kwa mkia unaowafaa wateja wake, maadamu ada ni ndogo. Ikiwa limekwisha chukuliwa, ajaribu kuongeza neno la pahala au la bidhaa kabla ya kulipa kilemba. Na akilazimika kulipa, asilipe zaidi ya faida anayoweza kuihesabu kwa kalamu.

Jina zuri huleta mtu mlangoni mara moja. Kinachomrejesha mara ya pili ni karafuu kavu, safi, zisizo na makonyo wala mchanga, na mizani ya haki. Makatibu wa matawi wanaombwa wayasome makala haya katika mkutano ujao, na waje na majibu ya maswali yale matatu: limeandikwa kwa nani, linakwisha lini, na neno la siri liko wapi.